Warithi Wawili wa Jina Moja

Msomaji, huenda umepata kuucheza, au hata kuuona tu kwa jirani, mchezo wa yule fundi bomba mwenye masharubu na kofia nyekundu aitwaye Mario. Mchezo huo, Super Mario Bros., ulitolewa nchini Japani mwezi wa Septemba 1985 na kampuni ya Nintendo ya mjini Kyoto, kampuni iliyoanza mwaka 1889 kwa kazi ya kutengeneza karata. Lakini kama ungaliwauliza watoto wawili katika mwaka wa 1989, mmoja wa Tokyo na mwingine wa Chicago, wakueleze mchezo wa pili uliofuata ule wa kwanza, ungalisikia habari mbili zisizopatana hata kidogo. Wa Tokyo angalikusimulia uyoga wenye sumu na upepo uvumao mtu akiwa angani. Wa Chicago angalikusimulia mboga zing'olewazo ardhini na chura mkubwa aliye mfalme. Wala hapana kati yao ambaye angalikuwa mwongo, kwa maana jina moja lilikuwa limepewa michezo miwili.

Ili upate kuelewa jinsi jambo hili lilivyotokea, yakupasa kwanza kuujua mchezo wa kwanza ulivyokuwa. Mtu alikwenda mbele tu, kuelekea kulia, wala hakuweza kurudi alikotoka. Aliruka mashimo, akagonga matofali kwa ngumi, akawakanyaga maadui vichwani wakafa, na saa ilikuwa ikimhesabia muda. Kulikuwa na sehemu 32 za kupita, na mwishoni binti mfalme alikuwa akingoja kuokolewa. Zaidi ya nakala milioni 40 za mchezo huo ziliuzwa duniani. Mtu aliyefanikiwa hivyo huombwa afanye tena, na upesi.

Nintendo walifanya tena, na kwa hakika walifanya upesi. Mwezi wa Juni 1986 Wajapani walipata Super Mario Bros. 2, nao ulikuja katika disketi badala ya katriji. Sura yake ilikuwa karibu ile ile ya mchezo wa kwanza, ila ugumu wake ulikuwa mwingine kabisa. Ulitungwa kwa ajili ya watu waliokwisha kuushinda ule wa kwanza na wakachoka kuushinda. Uyoga, ambao zamani ulikuwa neema, sasa ulikuwa na nduguye mwenye sumu. Njia za siri, ambazo zamani zilimpeleka mtu mbele, sasa nyingine zilimrudisha nyuma. Nadhani unaona ubaya wa jambo hilo: mchezaji aliadhibiwa kwa sababu ya mambo yale yale aliyofundishwa na mchezo wa kwanza. Wako waliolipenda jambo hili, na wako mpaka leo. Mimi naliona kama mwalimu atungaye mtihani kwa nia ya kuonyesha kwamba yeye ni mwerevu kuliko wanafunzi wake.

Nchini Marekani alikuwako mtu mmoja katika tawi la Nintendo, jina lake Howard Phillips, ambaye kazi yake ilikuwa pamoja na kuijaribu michezo iliyotoka Japani na kusema kama itawafaa Wamarekani. Aliujaribu huu naye akaona kwamba haufurahishi, bali unaudhi. Neno lake lilikuwa na uzito, na sababu ya uzito huo ni lazima uijue. Mwaka 1983 biashara ya michezo ya video ilikuwa imeanguka vibaya katika nchi ile. Maduka yalijaa michezo mibovu, wanunuzi wakakata tamaa, na biashara iliyokuwa ya zaidi ya dola bilioni 3 ilishuka katika muda wa miaka miwili hata ikabaki kama dola milioni 100 tu. Nintendo waliingia New York mwishoni mwa 1985 kama mtu aingiaye katika shamba lililoungua. Kama mchezo wa pili wa Mario ungaliwafukuza watoto, nani angalinunua wa tatu?

Basi wakaukataa. Ila ilibaki shida: Wamarekani walitaka mchezo wa pili, na mchezo wa pili haukuwako.

Sasa yatubidi kurudi Japani. Kijana mmoja wa Nintendo, Kensuke Tanabe, alikuwa ametengeneza mchezo wa majaribio ambamo wachezaji wawili walipanda kwenda juu badala ya kwenda kulia, wakibebana na kurushana. Jaribio hilo halikufaulu, kwa sababu mashine ya siku zile haikuweza kuyabeba mambo yote yale, wala kupanda peke yake hakukuwa na ladha ya kutosha. Shigeru Miyamoto, mtungaji wa Mario, alimshauri atie pia mwendo wa kwenda kando, kama ule wa Mario. Jambo likawekwa. Ndipo kampuni ya televisheni ya Fuji, iliyokuwa ikiandaa maonyesho makubwa ya mwaka 1987 yaitwayo Yume Kojo, ilipowaendea Nintendo ikitaka mchezo wenye watu wa maonyesho hayo. Lile jaribio likafufuliwa, na mwezi wa Julai 1987 likatoka kwa jina la Yume Kojo: Doki Doki Panic.

Hadithi yake ilikuwa nzuri. Watoto wawili pacha wanavutwa ndani ya kitabu cha hadithi, na jamaa zao wanaingia humo kuwatafuta: kijana Imajin, rafiki yake Lina, pamoja na Mama na Baba. Nchi ya kitabuni ni nchi ya majangwa, mazulia yarukayo, taa za ajabu, na nyoka wachunguliao kutoka mitungini. Kama umesoma hadithi za Alfu Lela Ulela, utayatambua mambo hayo mara moja, na pengine utayatambua upesi kuliko mtoto wa Chicago. Ili kuuona mwisho wa kweli ilimpasa mchezaji amalize safari mara nne, mara moja na kila mmoja wa jamaa hao.

Mchezo huo ndio waliouchukua. Wakawatoa wale jamaa wanne, wakawavika watu wa Mario nguo zao. Imajin akawa Mario. Lina, awezaye kuelea hewani kwa kitambo, akawa binti mfalme. Baba, mwepesi wa kuinua vitu, akawa Toad. Mama, arukaye juu kuwashinda wote, akawa Luigi, ndugu wa Mario. Taa ya ajabu ikageuzwa kuwa chupa ya dawa, akaongezwa kaa mmoja mkubwa arushaye mawe, ikaongezwa na njia ya kukimbia kwa kushika kitufe. Mwezi wa Oktoba 1988 mchezo ukauzwa Marekani kwa jina la Super Mario Bros. 2, na sanduku lake halikusema neno lolote juu ya Imajin wala jamaa zake.

Hebu fikiri ungekuwa wewe mtoto yule, na umeununua ukitarajia kuendelea na ulichokijua. Unamrukia adui kichwani, naye hafi. Unabaki umesimama juu yake, akitembea nawe kama punda. Wamtakaje? Umwinue, umtupie mwenzake. Unainama kung'oa jani, kumbe chini yake kuna mboga, au bomu, au mlango. Saa haipo. Hesabu ya alama haipo. Unaweza kurudi kushoto, kupanda mzabibu mpaka mawinguni, kuchimba mchanga kwa mikono kushuka shimoni. Binti mfalme, ambaye mwaka 1985 kazi yake ilikuwa kungoja, sasa yumo safarini, na kwa mchezaji mchanga yeye ndiye mwenza bora kwa ajili ya kule kuelea kwake. Adui mkuu, yule chura aitwaye Wart, hashindwi kwa upanga wala kwa moto. Hushindwa kwa kulishwa mboga, kwa kuwa hazipendi. Tena mwisho wa yote Mario anaonekana amelala kitandani: ilikuwa ndoto.

Je, watoto wale walidanganywa? Swali hili limegombewa miaka mingi, nami sitalikwepa. Waliouziwa hawakuambiwa asili ya walichonunua, na hilo ni kosa. Watu wazima wa ng'ambo waliamua kwa niaba yao kwamba hawataweza mchezo mgumu, bila ya kuwapa nafasi ya kujaribu. Lakini siwezi kusema kwamba walipewa kitu kibaya. Mikono iliyomtunga Mario ilikuwamo katika kazi hii pia, na mchezo wenyewe ulithubutu pale ambapo ule mwingine ulirudia tu. Ule wa 1986 ulikuwa na haki zaidi ya jina. Huu wa 1988 ulilitumia jina vizuri zaidi. Wanunuzi, kwa upande wao, walichukua nakala zaidi ya milioni 7.

Na mrithi huyu wa kupachikwa aliacha wana. Super Mario Bros. 3, uliotoka Japani mwezi huo huo wa Oktoba 1988 na Marekani mwaka 1990, ulirudia desturi za mchezo wa kwanza. Hata hivyo, wale wenye vinyago vyeupe waitwao Shy Guy, yule Birdo atemaye mayai, na bomu litembealo kwa miguu yake, wote walitoka katika kitabu cha Imajin, nao wameonekana mara nyingi katika michezo ya Mario ya baadaye. Luigi naye, ambaye mwaka 1985 alikuwa sawa na kaka yake kwa kila kitu isipokuwa rangi, tangu alipovikwa miguu ya Mama amekuwa mrefu mwembamba, mrukaji.

Mwaka 1992 mchezo huo ulirudi kwao Japani ukiwa umevaa nguo za Mario, ukauzwa kwa jina la Super Mario USA. Mwaka uliofuata Nintendo waliikusanya michezo hii yote katika katriji moja, na kwa mara ya kwanza Wamarekani wakaupata ule mchezo mgumu waliofichwa kwa miaka saba. Kwao uliitwa The Lost Levels, yaani sehemu zilizopotea. Katika katriji ya Wajapani uliandikwa kwa jina lake lile lile la 1986, Super Mario Bros. 2.