Wasinti na Waroma wa Ujerumani

Wasinti na Waroma wa Ujerumani ni jamii ndogo ya raia wa nchi hiyo, inayokadiriwa kuwa na watu wapatao 70,000. Ni sehemu ya Waroma wa Ulaya, ambao idadi yao inakadiriwa kuwa kati ya milioni 10 na 12, na ambao mababu zao walitoka kaskazini mwa Bara Hindi. Katika karne ya 20 jamii hii ilinusurika kuangamizwa na dola, kisha ikapigania kutambuliwa na dola hiyohiyo hadi ikapata nafasi ya kuzungumza nayo ana kwa ana.

Asili

Wasinti wanatajwa katika kumbukumbu za mji wa Hildesheim tangu mwaka 1407. Waroma walifika baadaye, wengi wao katika karne ya 19, kutoka mashariki mwa Ulaya. Lugha yao, Kiromani, ina undugu na Kihindi na lugha nyingine za Bara Hindi, na huizungumza pamoja na Kijerumani. Ile picha ya watu wasio na makao ni ya uzushi: familia nyingi zimeishi katika miji ileile kwa vizazi kadhaa, na wanaume wao walipigana katika jeshi la Ujerumani katika Vita Vikuu vya Kwanza. Jina la kale la Kijerumani, Zigeuner, wengi wao hulihesabu kuwa tusi. Katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Auschwitz, herufi ya kwanza ya jina hilo ilichanjwa kwenye mikono ya wafungwa, ikifuatiwa na namba.

Maangamizi

Polisi wa München walianza kuwaorodhesha mwaka 1899, miaka mingi kabla ya Wanazi kushika madaraka. Mwaka 1936, kabla ya Michezo ya Olimpiki, familia za Berlin zilikusanywa na kufungiwa katika kambi ya Marzahn. Wakati huo daktari Robert Ritter na wasaidizi wake walizunguka nchini wakipima vichwa vya watu na kuchora nasaba zao. Karatasi hizo ndizo zilizoamua baadaye nani asafirishwe kambini.

Tarehe 16 Desemba 1942 Heinrich Himmler, mkuu wa kikosi cha Kinazi cha SS, aliamuru wapelekwe Auschwitz. Watu wapatao 23,000 kutoka nchi mbalimbali walifungwa katika eneo lao la Birkenau, iliyokuwa sehemu ya Auschwitz. Usiku wa tarehe 2 Agosti 1944 waliobaki humo, takriban 4,300, wengi wao wanawake, watoto na wazee, waliuawa kwa gesi. Jumla ya Wasinti na Waroma waliouawa katika Ulaya inakadiriwa kuwa kati ya 200,000 na 500,000.

Kunyimwa haki baada ya vita

Walionusurika walirudi wakakuta maofisa walewale waliowatesa wangali kazini. Polisi waliendelea kutumia majalada ya zamani dhidi yao. Mwaka 1956 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kwamba hatua zilizochukuliwa kabla ya mwaka 1943 hazikuwa mateso ya kibaguzi, bali kazi ya kawaida ya polisi dhidi ya watu wenye tabia ya uhalifu. Kwa hukumu hiyo manusura wengi walinyimwa fidia. Mwaka 1963 mahakama ililegeza msimamo wake, lakini wazee wengi walikuwa wamekwisha kufariki mikono mitupu. Ilipofika 2015, rais wa mahakama hiyo, Bettina Limperg, alisema hadharani kwamba hukumu ya 1956 ni ya kuonewa haya.

Harakati na mazungumzo

Kizazi kilichozaliwa baada ya vita kilikataa kunyamaza. Ijumaa Kuu ya mwaka 1980 watu 12, wakiwamo manusura wa kambi za mateso, walianza mgomo wa kula katika eneo la kambi ya zamani ya Dachau. Walidai mauaji ya watu wao yatambuliwe na ukweli kuhusu majalada ya polisi uelezwe. Miongoni mwao alikuwamo Romani Rose, aliyepoteza jamaa zake 13 katika maangamizi. Mwaka uliofuata wanaharakati waliingia katika hifadhi ya nyaraka ya Chuo Kikuu cha Tübingen, wakagoma kutoka hadi karatasi za kundi la Ritter zilipohamishiwa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa.

Februari 1982 liliundwa Baraza Kuu la Wasinti na Waroma wa Ujerumani, makao yake yakiwa Heidelberg na mwenyekiti wake akiwa Rose. Tarehe 17 Machi mwaka huohuo Kansela Helmut Schmidt aliupokea ujumbe wao na kukiri kwamba watu wao waliuawa kwa sababu za kibaguzi, na kwamba hayo yalikuwa mauaji ya kimbari.

Kukiri huko kulizaa mengine. Katika miaka ya 1990 serikali iliwatambua kuwa mojawapo ya jamii ndogo nne za kitaifa, pamoja na Wadenmark, Wafrisia na Wasorbi. Mwaka 2012 eneo la kumbukumbu ya waliouawa lilizinduliwa karibu na Bunge mjini Berlin, na Kansela Angela Merkel alihudhuria. Mwaka 2013 jimbo la Baden-Württemberg lilitia saini mkataba na chama chao cha jimbo.

Ubaguzi wa leo

Mwaka 2021 tume huru iliyoundwa kwa ombi la Bunge iliripoti kwamba ubaguzi dhidi yao bado umejikita katika shule, nyumba za kupanga, polisi na ofisi za umma. Mwaka 2022 Mehmet Daimagüler aliteuliwa kuwa kamishna wa kwanza wa serikali wa kupambana na chuki hiyo. Kituo cha kitaifa cha kupokea malalamiko kiliorodhesha matukio 621 mwaka 2022 na 1,233 mwaka 2023. Ongezeko hilo linatokana kwa sehemu na watu wengi zaidi kujitokeza kueleza yaliyowapata. Waroma waliokimbia vita vya Yugoslavia wamo katika hali ngumu zaidi, kwani baadhi yao wameishi Ujerumani kwa miongo kadhaa bila kibali cha kudumu, na tume ilishauri walindwe wasirudishwe.

Hatua hizi zote zilidaiwa kwanza na wenyewe, ndipo serikali ikazitekeleza. Mazungumzo yao na dola yatakuwa na maana iwapo mtoto wa Kisinti ataweza kusema asili yake shuleni bila woga, na mzazi wake kupanga nyumba bila kulificha jina lake.