Utando wa buibui ndani ya ilimba

Wazee wetu hapa Nangwa, chini ya Mlima Hanang, wakisikia kijana anatengeneza mdundo kwa kompyuta huwa na hofu moja: mashine imekuja kuua ngoma. Hofu yao naiheshimu. Lakini historia ya majirani zetu Wagogo, ukishika barabara ya Kondoa hadi Dodoma, inatufundisha kwamba ngoma hufa pale mwenyewe anaposahauliwa.

Tuanze na ilimba. Ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vinavyochezwa kwa vidole. Ukilichunguza kwa karibu utaona tundu dogo lililozibwa kwa utando wa buibui. Chuma kikilia, utando unatetemeka na sauti inatoka na mvumo wenye mkwaruzo. Vyuma vingine haviguswi kabisa. Vinaitikia vyenyewe wenzao wakilia. Mkwaruzo ambao leo mafundi wa muziki wa kielektroniki wanausaka kwenye programu, Wagogo waliupata bila umeme.

Aliyeutembeza duniani ni mwanamuziki wao Hukwe Zawose. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam miaka ya 1960, na baadaye akawa nguzo ya sanaa Bagamoyo, mji ambamo Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Mwaka 1996 kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu yake, Chibite. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikafuata Assembly, aliyoifanya na Michael Brook wa Kanada. Gitaa na mitambo ya Brook vilikutana na ilimba na zeze, na jina la Hukwe likakaa kwenye jalada. Alifariki Desemba 2003.

Linganisha na Ufaransa. Mwaka 1992 Eric Mouquet na Michel Sanchez, wawili waliojiita Deep Forest, walivuma dunia nzima kwa Sweet Lullaby. Sauti iliyoubeba wimbo huo ni ya Afunakwa, mama wa Visiwa vya Solomon, aliyerekodiwa miaka mingi kabla na mtafiti Hugo Zemp akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto. Mamilioni waliucheza bila kulijua jina lake. Mashine zilikuwa za aina ileile. Tofauti ni kwamba Hukwe alikuwapo, akaamua, akatajwa.

Familia yake haijaiacha njia hiyo. Mwaka 2017 mwanawe Msafiri Zawose alitoa Uhamiaji akishirikiana na mtayarishaji Mwingereza Sam Jones, zeze na ilimba zikipita katikati ya sauti za kielektroniki. Mwaka 2024 binti wa Hukwe, Pendo, na mjukuu wake Leah, The Zawose Queens, wakatoa Maisha. Wanawake waliozoeleka kuitikia nyuma sasa wamesimama mbele.

Nasi Hanang na Mbulu tunayo hazina yetu. Wairaqw wana slufay, ushairi wa dua na baraka. Wabarbaig wana nyimbo zao. Simu za kurekodia ziko mifukoni mwa vijana, na sioni sababu ya kuwakataza. Kijana, mwombe bibi ruhusa kwanza. Ukishamrekodi, kabla hujagusa mdundo wowote, lipe faili jina kamili la bibi na jina la kijiji chake. Wimbo ukifika Dar es Salaam au Paris, ufike naye.