Kupiga kambi kando ya maji ya milimani: Ziwa Ellis si bwawa la Ndakaini

MAJI yanapokuwa yametulia alfajiri, na ukungu ukielea juu yake, ni vigumu kwa mgeni kutofautisha ziwa na bwawa. Vyote viwili huakisi mlima, na vyote viwili humvutia msafiri aliyechoshwa na vumbi la mjini asimamishe hema lake papo hapo ukingoni.

Hata hivyo, anayelala kando ya Ziwa Ellis katika Mlima Kenya na anayelala kando ya bwawa la Ndakaini, chini ya safu ya Aberdare, hawakabiliwi na hatari zilezile. Ziwa ni kazi ya maumbile. Bwawa ni chombo kilichojengwa na binadamu, na maji yake hupanda na kushuka kwa mujibu wa mvua na mahitaji ya watu walio mbali.

Wahenga walisema kuwa maji usiyoyafika hujui wingi wake. Anayetaka kulala kando ya maji ya milimani hana budi kujua kwanza ni maji ya aina gani, yanatoka wapi na yanakwenda kwa nani.

Ziwa lililo juu ya mawingu

Ziwa Ellis liko upande wa mashariki wa Mlima Kenya, karibu na kilima cha Mugi, kwenye mwinuko wa karibu mita 3,460 kutoka usawa wa bahari. Eneo hilo limo katika mbuga ya kitaifa iliyotangazwa mwaka wa 1949, na ambayo mnamo 1997 iliorodheshwa na UNESCO kuwa sehemu ya urithi wa dunia.

Njia ya kulifikia huanzia mji wa Chogoria, Kaunti ya Tharaka-Nithi. Kutoka mjini humo, barabara ya udongo hupita katika msitu mnene na mianzi kwa takriban kilomita 30 hadi lango la mbuga, lililo kwenye mwinuko wa karibu mita 2,950. Mvua inaponyesha, barabara hiyo huwa na utelezi mkubwa, na ni magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne pekee yanayoweza kuipita.

Baada ya lango, msitu hupungua na nafasi yake kuchukuliwa na nyanda za nyasi ngumu na mimea ya lobelia. Mmea huu hukunja majani yake usiku ili kukinga moyo wake dhidi ya baridi kali. Msafiri anayeuona umejikunja jioni na apate fundisho: usiku wa hapo si wa kulaliwa kwa blanketi moja.

Juu zaidi, katika bonde lenye magenge marefu lililochimbwa na barafu ya kale, liko Ziwa Michaelson, kwenye mwinuko wa karibu mita 4,000. Mto Nithi hupitia bonde hilo, ukateremka katika mashamba ya wakulima na hatimaye maji yake kuishia katika Mto Tana.

Bwawa la kunywesha jiji

Ndakaini iko Gatanga, Kaunti ya Murang'a, takriban kilomita 80 kaskazini mwa Nairobi, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Mashamba ya majani chai yamelizunguka bwawa, na msitu wa Aberdare, ambao wenyeji huuita Nyandarua, huonekana kwa juu.

Bwawa hilo, ambalo pia huitwa bwawa la Thika, lilikamilika mwaka wa 1994. Ukuta wake una kimo cha takriban mita 65, na likijaa huhifadhi karibu mita milioni 70 za ujazo za maji. Mito inayolijaza ni Thika, Githika na Kayuyu.

Sehemu kubwa ya maji yanayotumiwa na wakazi wa Nairobi hutoka hapa. Husafirishwa hadi kituo cha Ngethu, yakasafishwa, kisha yakaelekezwa jijini. Kiangazi kilipolikausha bwawa hilo kwa kiasi kikubwa, mgao wa maji ulianza Nairobi mnamo Januari 2017, na mitaa mingi ikawa inapata maji kwa zamu.

Kwa hivyo Ndakaini si mbuga wala si bustani ya umma. Ni mradi wa maji. Anayetaka kupiga kambi katika eneo hilo anapaswa kuomba idhini kwa wasimamizi wa bwawa, au kukubaliana na mwenyeji aliye na shamba karibu, kabla ya kufunga safari.

Mahali pa kusimamisha hema

Tofauti ya ziwa na bwawa hudhihirika zaidi wakati wa kuchagua mahali pa kulala.

Kando ya Ziwa Ellis, adui mkubwa ni baridi na unyevu. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, na usiku huteremka na kutuama mabondeni. Ukingo wa ziwa, ambao ndio sehemu ya chini kabisa, ndio hupata baridi na umande mwingi zaidi. Hema likisimamishwa mahali pakavu palipoinuka kidogo, mbali na maji, mwenyewe hulala salama zaidi.

Kando ya bwawa, jambo la kuchunga ni kupanda na kushuka kwa maji. Kiangazi, maji hurudi nyuma na kuacha ukanda mpana wa udongo ulio wazi. Ukanda huo huonekana mkavu kwa juu, lakini chini yake huwa na tope linaloweza kumnasa mtu hadi magotini. Aidha, mvua ikinyesha mlimani usiku, maji yanaweza kurejea palipokuwa pakavu jioni, hata kama kambini halijadondoka tone.

Alama ya kutegemewa ni mstari wa mimea. Pale nyasi za kudumu na vichaka vinapoanzia ndipo maji hufika bwawa likijaa. Hema linapaswa kuwa juu ya mstari huo, wala si chini yake.

Pia si salama kulala chini ya ukuta wa bwawa au karibu na mfereji wa kupitishia maji ya ziada. Mfereji unaweza kukauka kwa miezi mingi, kisha ukapokea maji kwa kishindo bwawa linapofurika. Mwaka wa 2003, mvua kubwa iliharibu njia ya maji ya ziada katika bwawa la Sasumua, ambalo pia liko kwenye safu ya Aberdare na huhudumia Nairobi.

Mapema Mei 2024, mafuriko yalipoikumba nchi, serikali iliwaagiza watu wanaoishi karibu na mabwawa zaidi ya 170 wahame. Siku hizohizo Mto Talek ulivunja kingo zake katika Maasai Mara, na watalii wakaokolewa kwa helikopta kutoka kambi zilizozingirwa na maji. Majira ya mvua za masika, kati ya Machi na Mei, na ya vuli, kati ya Oktoba na Desemba, si wakati mwafaka wa kulala ukingoni. Januari na Februari, pamoja na Julai hadi Septemba, huwa afadhali.

Kupanda polepole

Katika Ndakaini, mwinuko si tatizo kwa mtu mwenye afya njema. Katika Ziwa Ellis ni jambo la uhai na mauti.

Msafiri anayetoka Nairobi asubuhi na kufika lango la Chogoria jioni huwa amepanda zaidi ya mita 1,000 kwa siku moja. Mwili huhitaji muda kuzoea hewa nyepesi. Kanuni ya wataalamu ni kwamba, mtu akishapita mita 3,000, asilale usiku wa pili juu ya wa kwanza kwa zaidi ya mita 500.

Njia ya Chogoria hukubaliana na kanuni hiyo vyema. Usiku wa kwanza hulalwa karibu na lango, wa pili Ziwa Ellis, na wa tatu, kwa anayeendelea, Ziwa Michaelson. Kila hatua huwa ya takriban mita 500.

Dalili za maradhi ya mwinuko ni kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na kukosa usingizi. Anayezipata hapaswi kupanda zaidi mpaka zimwondoke. Iwapo ataanza kupepesuka, kuchanganyikiwa, au kukohoa na kukosa pumzi hata akiwa amepumzika, dawa ni moja: ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

Joto nalo hupungua kwa takriban nyuzi 6 katika kila mita 1,000 za kupanda. Mfuko wa kulalia ulio mzito, godoro la kutenganisha mwili na ardhi, na nguo kavu zisizoguswa hadi wakati wa kulala si anasa.

Jiko halilali hemani

Baridi hiyo ndiyo huwashawishi baadhi ya wapiga kambi kuingiza jiko la makaa ndani ya hema ili wapate joto. Wapo wanaolala wasiamke tena.

Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Jiko la gesi pia laweza kuitoa. Dalili zake za mwanzo, yaani kuumwa na kichwa, kichefuchefu na uchovu, hufanana na zile za maradhi ya mwinuko. Hivyo, mlimani mtu anaweza kudhani kuwa ni hewa nyepesi tu inayomsumbua huku sumu ikimmaliza. Mapishi yote yanapaswa kufanyiwa nje, na jiko libaki nje usiku kucha.

Kuwasha moto wa kuni katika nyanda za juu nako ni hatari ya aina nyingine. Nyasi zake zikikauka hushika moto upesi, na upepo huusambaza kabla msaada haujafika. Mioto ya 2012 na 2019 iliteketeza maeneo makubwa ya Mlima Kenya. Mapishi kwa jiko dogo la gesi, katika eneo lisilo na nyasi, ndiyo njia ya busara.

Kuogelea na kunywa

Maji ya milimani huwa baridi mno. Anayejitosa katika maji yaliyo chini ya nyuzi 15 hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu bila hiari; kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, huyavuta maji kifuani. Dakika chache baadaye mikono na miguu huishiwa nguvu. Hata mwogeleaji hodari aliyezoea bahari ya Mombasa au Malindi anaweza kuzama hatua chache kutoka ukingoni.

Bwawani kuna hatari ya ziada. Kingo zake huweza kuwa na mteremko wa ghafla, na karibu na mahali pa kuchotea maji pana mkondo usioonekana kwa juu. Haifai kuogelea humo.

Maji ya kunywa yanapaswa kuchemshwa hata kama yanang'aa. Wanyama hunywa humo, na vijidudu vya kuhara havionekani kwa macho. Katika mwinuko wa mita 3,500 maji huchemka yakiwa na takriban nyuzi 88 pekee. Ndiyo sababu wataalamu wa afya hushauri kwamba, juu ya mita 2,000, maji yaachwe yatokote kwa dakika tatu badala ya moja.

Kabla ya kuondoka

Mbuga ya Mlima Kenya husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na ada hulipwa kwa mtandao wa eCitizen. Hairuhusiwi kupanda mlima peke yako. Mwongoza njia anayeujua mlima hufaa zaidi ya ramani ukungu unaposhuka. Msituni kuna ndovu na nyati, kwa hivyo si vyema kutembea huko usiku. Juu zaidi, pimbi huvizia chakula kilichoachwa wazi.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa na vyombo vingine vya plastiki vya kutumiwa mara moja haviruhusiwi katika mbuga za kitaifa. Taka zote zinapaswa kurejeshwa mjini.

Haja kubwa, mahali pasipo na choo, hufanyiwa angalau mita 60 kutoka kwa maji, katika shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, kisha likafukiwa. Vyombo na nguo navyo havioshwi ziwani wala bwawani. Maji huchotwa, yakatumiwa mbali, yakamwagwa ardhini.

Mwanamke anayechota maji ya Nithi huko chini Tharaka hayapitishi kiwandani. Mkazi wa Nairobi anayefungua mfereji baada ya kungoja zamu yake kwa siku kadhaa naye hajui ni nani aliyelala Ndakaini wikendi iliyopita. Wote wawili hunywa alichokiacha mpiga kambi.