Baina ya Kijitonyama na Yombo

Mwaka 1973, Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria namba 26, iliyozaa taasisi ambayo leo twaijua kwa jina la Chuo cha Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, katika wilaya ya Kinondoni, nchi ilipata mahali pake yenyewe pa kuwafunza wale watakaoketi na waliofikwa na dhiki, wawasikilize na kuwaongoza. Upande wa pili wa jiji, Temeke, kipo Chuo cha Ufundi Stadi na Marekebisho kwa Watu Wenye Ulemavu, Yombo. Kule hufunzwa mshauri, na huku hufunzwa mwenye kushauriwa. Nami naona kuwa tarikhi nzima ya insafu katika kazi ya ushauri ni tarikhi ya masafa yaliyo baina yao.

Mwaka 1982, mmoja baada ya ule uliowekwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Walemavu, Bunge lilipitisha sheria mbili: moja ya ajira, iliyomtaka mwajiri mwenye watu 50 au zaidi atenge nafasi 2 katika kila 100 kwa walemavu, na nyingine ya matunzo, iliyowabebesha jamaa na serikali za mitaa dhamana ya kuwalea. Sizidharau, maana zilitoka katika huruma ya kweli. Ila mshauri aliyelelewa katika fikra ya matunzo aghalabu huzungumza na baba wa kijana, ilhali kijana mwenyewe ameketi papo hapo, asiulizwe neno.

Shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, SHIVYAWATA, liliundwa 1992; sera ya taifa ikaja 2004; mkataba wa kimataifa wa haki zao ukaridhiwa 2009; na Sheria namba 9 ya 2010 ikashusha kiwango hadi mwajiri wa watu 20, na kupandisha sehemu yao hadi 3 katika 100. Ibara ya 26 ya mkataba huo yataka watumishi wa marekebisho wafunzwe tangu mwanzo na waendelee kufunzwa, na yatambua msaada wa mwenye ulemavu kwa mwenziwe. Basi na aliyehitimu Yombo apande mimbari ya Kijitonyama kama mwalimu, wala mwanafunzi wa ushauri asipewe cheti kabla hajajua lugha ya alama, maadamu kiziwi asiyefahamiwa na mshauri wake hulazimika kuipitisha siri yake mikononi mwa ndugu, pengine ndugu yule yule anayemdhulumu.