Nani Msemaji wa DP? Ankole baada ya Aprili 1962

Democratic Party (DP) ya Uganda iliposhindwa uchaguzi wa tarehe 25 Aprili 1962, rais wake, Benedicto Kiwanuka, alitoka kwenye uwaziri mkuu bila kubakiwa na kiti chochote bungeni. Chama kilipata wabunge 24, UPC ya Milton Obote 37. Viti 21 vya Buganda havikupigiwa kura na wananchi; mkutano wa London wa 1961 ulikuwa umeiruhusu Lukiiko, bunge la Buganda, iwachague wabunge hao yenyewe, na Februari 1962 Kabaka Yekka, chama cha wafuasi wa mfalme wa Buganda, ilikuwa imezoa viti 65 kati ya 68 vya Lukiiko hiyo. Kiwanuka alikuwa Muganda Mkatoliki aliyethubutu kuingia uchaguzi wa 1961 wakati Mengo, makao ya ufalme wa Buganda, imeususia. Mengo haikumsamehe. Kwao hakuwa na pa kupitia.

Hapa Kaberebere, Isingiro, abiria wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale wakingoja gari lijae, huwa tunazungumza siasa. Wengi ni Wakongo na Warundi, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Huniuliza kwa nini vyama vya Uganda vikishindwa hugeuka kutafunana vyenyewe kwa vyenyewe. Mimi ni mwalimu mstaafu, mtoto wa katekista, niliyekulia ndani ya DP kama nilivyokulia ndani ya Kanisa. Huwa nawajibu kwa kuwasimulia habari za Basil Bataringaya.

Bataringaya alikuwa mwana wa Ankole, ufalme wa kusini-magharibi mwa Uganda, na Katibu Mkuu wa chama. Kwa kuwa Kiwanuka hakuwamo bungeni, yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti cha Kiongozi wa Upinzani. Kuanzia hapo DP ikawa na wakuu wawili. Mmoja alikuwa Kampala na cheo cha urais wa chama, hana pa kusemea. Mwingine alisimama kila siku kumjibu Obote, waziri mkuu mpya, lakini hana mamlaka juu ya chama anachokisemea. Tazama pia wabunge wenyewe walitoka wapi: wote 24 walichaguliwa nje ya Buganda. Nguvu ya chama ilikuwa imehamia Ankole, Acholi, West Nile na kwingineko, ilhali urais umebaki na mtu wa Buganda ambaye Buganda yenyewe imemkataa. Wabunge hao waliona, na sidhani walikosea, kwamba wao ndio waliobeba mzigo.

Kwetu jambo hili lilikuwa na uchungu wake. Mji wetu wa Mbarara una vilima viwili ambavyo mtu wa rika langu hahitaji kuelezwa: Nyamitanga kwa Wakatoliki, Ruharo kwa Waanglikana. Wapinzani wa DP waliiita Dini ya Papa kwa kejeli, na wengine waliobatizwa Nyamitanga walilipokea jina hilo kwa fahari. Tangu enzi za Waingereza machifu wengi walikuwa Waprotestanti, na Mkatoliki aliyesoma aliishia kuwa mwalimu wa parokia. Kwa hiyo baba yangu hakuwa na chama kingine cha kuchagua. Lakini Ankole haikuwa ya dini tupu: Wahima wengi, wafugaji Waprotestanti, waliungana na Wakatoliki ndani ya DP kwa kuwaogopa Wairu, wakulima Waprotestanti wa UPC. Muungano wa namna hiyo unahitaji mtu wa kuushika kila siku. Bataringaya alikuwa mtu huyo, na alikuwa karibu. Kiwanuka alikuwa jina kwenye magazeti.

Mwaka 1963 UPC ikaichukua na serikali ya Ankole. John Kabaireho wa DP akatoka kwenye uenganzi, yaani uwaziri mkuu wa ufalme, na James Kahigiriza akaingia. Mabadiliko ya Kamukuzi, makao ya serikali ya Ankole, yalishuka mpaka kwenye gombolola, yaani tarafa. Mtu aliyezoea kupeleka shauri la shamba lake kwa chifu anayemfahamu alikuta mwingine kwenye kiti kile, na mwingine huyo alijua vizuri nani alipigia kura jembe na nani alipigia kiganja.

Jembe ndilo lililokuwa alama ya DP, na kiganja alama ya UPC. Tawi letu lilikutana barazani kwa muuza duka mmoja, na hapo ukutani palitundikwa jembe la kweli, mpini mpya, halijawahi kugusa udongo. Sisi watoto tulikatazwa kulishika. Wazee walikuja pale baada ya Misa kuuliza swali lile lile kwa sauti za chini: agizo limetoka kwa nani? Likija neno kutoka Kampala, aliyetoka Mbarara alisema wabunge hawalijui. Likija la wabunge, mwingine aliuliza kama Kiwanuka amekubali. Nilikuwa na miaka kumi hivi, na nakumbuka hasira ya baba kuliko maneno yake. Hakuwa na hasira na UPC. Aliwakasirikia watu wake mwenyewe waliomwacha bila jibu la kuwapa majirani.

Bataringaya alijaribu njia iliyo wazi. Aliwania urais wa chama dhidi ya Kiwanuka, akashindwa. Wajumbe walimpenda Kiwanuka, mtu jasiri, mwanasheria asiyeinama, na walikuwa na haki ya kumpenda. Ila baada ya kumbakiza hawakutatua lile la kwanza: rais bado hakuwa bungeni, na aliyeshindwa bado ndiye aliyewaongoza wabunge. Wakati huo huo wabunge walikuwa wakihamia upande wa serikali mmoja mmoja. Kufikia Agosti 1964 UPC ilikuwa na wingi wa kutosha hata Obote akavunja ndoa yake na Kabaka Yekka, iliyomwingiza madarakani.

Tarehe 31 Desemba 1964 Bataringaya naye akahama, na wabunge wenzake kadhaa nyuma yake. Habari ilitufikia Mwaka Mpya, watu wanatoka kanisani. Hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja alikwenda moja kwa moja barazani kwa muuza duka, akalishusha lile jembe, akalitia begani. Wiki ile tulimwona analilimia shamba lake la mtama. Uongozi wa upinzani ulikwenda kwa Alex Latim wa Acholi, mtu mwema kwa yote niliyosikia, lakini kwa wazee wa Isingiro Acholi ilikuwa mbali kupita Roma.

Wapo Ankole mpaka leo wanaomwita Bataringaya msaliti. Siwafuati. Mtu aliyepewa kazi akanyimwa mamlaka ya kuifanya, akaomba mamlaka hayo mbele ya mkutano akakataliwa, ana haki ya kuondoka. Kosa lilikuwa kuwachukua wenzake na kwenda kukaa mezani kwa mshindi. Na meza hiyo ilimgharimu. Alipanda mpaka kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Mwaka 1969 Kiwanuka alikamatwa, Desemba vyama vya upinzani vikapigwa marufuku, na waziri wa wizara ile alikuwa Bataringaya. Idi Amin alipompindua Obote Januari 1971, Kiwanuka alifunguliwa, kisha akafanywa Jaji Mkuu. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote waliingia kutoka Tanzania wakaishambulia Mbarara, wakashindwa. Askari wa Amin walimkamata Bataringaya wakamuua kikatili hapo hapo Mbarara. Siku chache baadaye, tarehe 21, walimtoa Kiwanuka Mahakama Kuu, na hakuonekana tena. Mwezi mmoja ulimaliza wote wawili.

DP ilikaa bila rais mpaka 1980, ilipompata Paul Ssemogerere. Katika uchaguzi wa Desemba mwaka huo nilipiga kura mwenyewe. Kila chama kilikuwa na sanduku lake. Katika jimbo la Mbarara Kaskazini, Sam Kutesa wa DP alimshinda Yoweri Museveni wa UPM. Kitaifa UPC ikatangazwa mshindi kwa matokeo ambayo Paulo Muwanga, mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi iliyotawala, alijipa mamlaka ya kuyatangaza peke yake. Swali la baba na wazee wenzake, agizo limetoka kwa nani, likarudi kwa sura mbaya zaidi. Ssemogerere aliingia bungeni kuongoza upinzani. Wengine waliona kuketi pale ni kuubariki wizi, na Februari 1981 Museveni akaanza vita Kabamba. Mwanachama wa kawaida hakujua afuate lipi, na serikali haikumngoja aamue. Oktoba 1982 vijana wa UPC na wakuu wa wilaya waliwafukuza Wanyarwanda wa Ankole, wakihesabiwa kuwa watu wa DP au wa Museveni, wenyeji na wakimbizi bila kubagua. Waliopita huku walikuwa wanakwenda Nakivale na Oruchinga, na nyuma yao mabati ya nyumba zao yalikuwa yanang'olewa. Hakuna mkuu wa chama chochote aliyefika kusimama nao.

Ukisema hayo ni ya zamani, nitakutajia chama cha upinzani cha FDC. Baada ya kushindwa 2011, rais wake Kizza Besigye aling'atuka kabla ya muda wake kwisha, na Novemba 2012 Mugisha Muntu, mwana wa Ankole, akamshinda Nandala Mafabi. Muntu hakuwa mbunge. Nandala ndiye aliyekuwa Kiongozi wa Upinzani bungeni. Waligombana hata juu ya muda: je, Muntu amechaguliwa kumalizia kipindi cha Besigye tu, au kipindi kizima? Mwanzoni mwa 2014 Muntu alimwondoa Nandala akamweka Wafula Oguttu. Mwaka 2017 wajumbe wakamchagua Patrick Amuriat badala ya Muntu, na mwaka uliofuata Muntu akaondoka kwenda kuunda chama chake. Nilipomsikia akitangaza kuondoka nilisikiliza kama kuna mahali alipowaita wabunge wamfuate bungeni upande wa serikali. Hakuwaita, na kwa hilo nilimheshimu.