Mji Uliolikataa Basi Mara Tatu

Arlington ya Texas ilizaliwa na reli. Mwaka 1876, kampuni ya Texas and Pacific ilipokuwa ikipeleka njia yake kutoka Dallas hadi Fort Worth, ilitaka kituo hapo katikati. Watu wa Johnson Station, kijiji kilichokuwa kilometa chache kusini, walipoona treni haitawapitia, walifunga mizigo wakaifuata. Mwaka uliofuata mji ukapewa jina la nyumba ya Jenerali Robert E. Lee kule Virginia, jemadari wa jeshi la Kusini lililokuwa limeshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani miaka 12 tu nyuma. Wenye mji hawakuwa na haja ya kueleza zaidi walikuwa upande gani.

Dallas iko kilometa 32 mashariki, Fort Worth kama 20 magharibi. Kuanzia 1902 hadi 1934, mkazi wa Arlington alifika kokote kati ya hiyo miji miwili kwa treni ndogo za umeme za Northern Texas Traction, akarudi kulala kwake bila kumiliki hata baiskeli. Magari ya petroli na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 viliziua. Reli ya kwanza ipo mpaka leo, katikati ya mji, kati ya Division Street na Abram Street, ila zinazopita ni treni za mizigo za Union Pacific. Mji ulioanza kama kituo hauna kituo cha abiria.

Hapo ndipo anapoingia Tom Vandergriff. Alichaguliwa kuwa meya mwaka 1951 akiwa na miaka 25, wakati mji mzima haukuwa na watu 8,000, akakaa kwenye kiti hicho hadi 1977. Baba yake aliuza magari ya Chevrolet mjini hapo, na mwanawe hakumaliza miaka mitatu kabla ya kuwaleta wenye Chevrolet wenyewe: kiwanda cha General Motors kilianza kazi 1954 na bado kinatoa magari makubwa makubwa. Mwaka 1957 likajaa Ziwa Arlington, la kutengenezwa kwa bwawa, na mwaka huohuo ikafunguliwa barabara ya kulipia kati ya Dallas na Fort Worth, ile ambayo sasa ni Interstate 30, na njia zake za kawaida hazina malipo. Mwaka 1961 ikaja bustani ya michezo na mabembea ya Six Flags. Kisha meya akaanza kuwinda timu ya besiboli. Alihangaika nayo miaka mingi, akabembeleza, akaambulia patupu, akarudi tena, hata mwaka 1972 timu ya Washington ikahamia kwake na kuitwa Texas Rangers. Simjui meya mwingine wa mji mdogo aliyewahi kuupokonya mji mkuu wa nchi timu yake.

Mwaka 1960 watu walikuwa 44,775. Mwaka 1980 wakawa 160,113, na sensa ya 2020 ikahesabu 394,266. Karibu wote walikuja baada ya treni za umeme kufa, wakajengewa mji kwa kipimo cha gari: Cooper Street ina njia nyingi kila upande, duka limerudi nyuma ya uwanja mpana wa lami wa kuegesha, na kutoka duka hili hadi lile la jirani watu huwasha injini. Mwezi wa nane, joto likipita nyuzi 38, ukimwona mtu anatembea kwa miguu unaanza kujiuliza gari lake limeharibika wapi.

Suala la mabasi ya umma liliulizwa kwa kura mwaka 1980, likakataliwa. Likaulizwa tena 1985, likakataliwa. Mwaka 2002 likakataliwa mara ya tatu, na mwaka huohuo wapiga kura wakakubali kutoa robo senti ya kodi ya mauzo kwa kila dola ili kuzitengeneza barabara. Wapo wanaosema ni ubahili, wengine husema ni woga wa watu maskini kuingia mjini. Siwezi kuikana hiyo ya pili, lakini hesabu nayo ina neno lake. Sheria ya Texas inaruhusu senti 2 tu za kodi ya mauzo kwa mahitaji ya mji na mamlaka nyingine za eneo lake, na miji iliyojiunga na mtandao wa usafiri wa DART wa Dallas hutoa humo senti nzima. Arlington ilishajua senti zake ziende wapi. Nusu senti ilisaidia kujenga uwanja wa Rangers uliofunguliwa 1994, na deni hilo lilipokwisha, nusu senti ikapigiwa kura 2004 kwa ajili ya uwanja wa Dallas Cowboys, timu ya futiboli ya Kimarekani, uliofunguliwa 2009. Mgeni njoo, mwenyeji apone: anayekuja kutazama mechi hula, hulala, hununua fulana, na kodi yake hubaki mjini. Mwenyeji asiye na gari ndiye aliyechelewa kupona.

Mwaka 2013 lilijaribiwa basi moja la njia moja, kutoka stesheni ya CentrePort, nje ya mpaka wa kaskazini, hadi chuo kikuu kilichopo Arlington. Mwishoni mwa 2017 likaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na huduma ya vigari ya Via, ambayo tangu 2021 inafika mji wote. Unaomba kwa simu, programu inakuambia nenda kona ile, kinakuja kigari chenye abiria wawili usiowajua, unalipa dola chache. Hakina konda wala njia maalumu. Unaelekea kazini, mara dereva anakata kushoto kumfuata mtu mwingine, nawe unatazama saa. Miaka ya mwanzo hakikufanya kazi Jumapili, kwa hiyo wasio na gari walikwenda kanisani kwa lifti za waumini wenzao.

Wanaozungumza Kiswahili hawakosekani ukanda huu: Wakenya waliokuja kusoma na kufanya kazi, wakimbizi wa Congo na Burundi, baadhi yao wakiwa Fort Worth. Mgeni akifika, wenyeji hawamuulizi kwanza habari ya nyumba. Humuuliza kama anajua kuendesha, maana ghala likimpa zamu ya usiku atafikaje? Wengi hununua gari kabla ya kitanda.

Mechi 9 za Kombe la Dunia la 2026 zilipangiwa uwanja wa Cowboys, nyingi kuliko uwanja mwingine wowote. Kwenye ratiba za FIFA panaitwa Dallas. Mpango wa mashabiki ulikuwa kupanda treni hadi CentrePort, halafu mabasi yawasubiri hapo kuwaingiza Arlington.