Kigali na Gbadolite: Utawala wa Habyarimana katika Kivuli cha Zaire, 1973–1994

Wanahistoria wanapomtafuta mlezi wa utawala wa Jenerali Juvénal Habyarimana, kwa kawaida huitazama Ufaransa. Si kosa. Hata hivyo, mtazamo huo humsahau jirani wa magharibi, ambaye kwa Kigali alikuwa kwa nyakati tofauti kielelezo, msuluhishi na, mwishoni, kimbilio. Makala hii inamrejesha jirani huyo katika simulizi.

Uzito wa Zaire ulijulikana Kigali kabla ya Habyarimana. Mwezi Novemba 1967, mamluki wa Jean Schramme waliokuwa wameuteka mji wa Bukavu walivuka mpaka na kuingia Rwanda. Rais Grégoire Kayibanda alipokataa kuwakabidhi kwa Mobutu, Zaire, wakati huo ikiitwa Kongo, ilivunja uhusiano wa kibalozi mnamo Januari 1968. Kwa nchi ndogo isiyo na bahari, hilo lilikuwa funzo kali.

Habyarimana, aliyetwaa madaraka tarehe 5 Julai 1973, hakulirudia kosa hilo. Chama chake, MRND, kilichoanzishwa mwaka 1975, kilifanana mno na MPR ya Mobutu, iliyozaliwa mwaka 1967: katika vyama vyote viwili raia alihesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa. Kazi za pamoja za umuganda zilikuwa na ndugu yake ng'ambo ya Ziwa Kivu, ziitwazo kwa Kilingala salongo. Nyimbo na ngoma za kumsifu kiongozi ziliitwa animasyoni pande zote mbili za mpaka, na neno hilo la Kifaransa lilibeba maana ambayo Mfaransa wa kawaida asingeitambua. Mwaka 1976, mjini Gisenyi, Rwanda, Zaire na Burundi zilianzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL.

Ni vema kutolikuza jambo. Katika miaka hiyo Rwanda haikuwa nchi iliyotengwa. Wafadhili wa Ulaya waliipenda na kuisifu kwa utulivu wake. Utengwaji ulikuja baadaye, na ndipo utegemezi ulipobadilika sura.

Tarehe 1 Oktoba 1990 jeshi la RPF liliingia kutoka Uganda kupitia Kagitumba. Ubelgiji na Ufaransa zilituma askari. Mobutu naye alituma kikosi chake maalumu cha ulinzi wa rais. Kikosi hicho kilipigana, kikapora, na kabla ya mwezi kwisha kilikuwa kimeondolewa. Kuwaondoa askari, hata hivyo, hakukumwondoa Mobutu. Mkataba wa kusitisha mapigano wa Machi 1991 ulitiwa saini N'sele, ukarekebishwa Gbadolite mwezi Septemba mwaka huohuo. Msuluhishi alikuwa rafiki wa upande mmoja, jambo linaloeleza kwa kiasi fulani kwa nini mazungumzo yenye uzito yalihamia Arusha mwaka 1992. Tarehe 4 Aprili 1994, siku mbili kabla ya ndege yake kutunguliwa Kigali, Habyarimana alikuwa tena Gbadolite.

Serikali ya mpito iliyoundwa baada ya kifo chake ndiyo iliyosimamia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Hiyo ndiyo iliyotengwa kwa kweli. Tarehe 17 Mei 1994 Baraza la Usalama lilipiga marufuku kuiuzia Rwanda silaha. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 1995 ilibaini kwamba katikati ya Juni 1994 silaha kutoka Ushelisheli zilisafirishwa kwa ndege hadi Goma, zikiwa zimenunuliwa kwa hati za Zaire. Ilitosha karatasi yenye muhuri wa jirani, na ilipatikana huku watu wakiuawa.

Mwezi Julai viongozi hao, jeshi lao na mamia ya maelfu ya raia walivuka kutoka Gisenyi hadi Goma. Huko Kiswahili, ambacho katika Rwanda ya Habyarimana kilikuwa kimebaki zaidi lugha ya Waislamu na wafanyabiashara wa mitaa kama Biryogo, kilikuwa lugha ya soko, ya barabarani na ya kuombea maji.

Utegemezi haukuwa wa upande mmoja. Mobutu, ambaye nchi za Magharibi zilikuwa zimemtupa mkono, alihitajika tena: viwanja vyake vya ndege vya Goma na Bukavu vilitumiwa na Ufaransa katika Operesheni Turquoise, na mwezi Novemba 1994 alialikwa kwenye mkutano wa kilele wa Biarritz. Lakini kambi alizozipokea, zenye wanajeshi na Interahamwe ndani yake, zilizaa vita vya mwaka 1996. Waasi wa AFDL, wakisaidiwa na Rwanda mpya, waliingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997. Mwili wa Habyarimana, uliokuwa umehifadhiwa Gbadolite, uliripotiwa kuteketezwa kwa moto Kinshasa katika siku hizohizo za mwisho. Mobutu alifariki Rabat mwezi Septemba.